Kufunga splita ya mbele nyumbani: maswali ambayo wenye magari Nakuru huuliza kila wiki

Mimi si fundi wa gereji. Nilianza na gari langu uani Lanet, jirani akaniletea lake, halafu shemeji yake, na sasa kila Jumamosi kuna mtu langoni akiwa amekumbatia boksi refu kama jeneza la mtoto wa mamba. Maswali ni yaleyale. Nimeyaweka hapa ili yule wa Jumamosi ijayo aje akiwa ameshayasoma.

## Mambo ya msingi

Splita ni nini, na ina tofauti gani na lipu?

Splita ni ubao bapa unaotokeza mbele chini ya bampa, ukiwa umelala sambamba na barabara. Hewa inayoligonga gari usoni husongamana juu ya ubao huo na kuukandamiza, na ile inayopenya chini hukimbia kasi na mkandamizo wake hupungua. Tofauti kati ya juu na chini ndiyo inayolivuta gari kuelekea lami. Lipu ni mdomo wa plastiki unaofuata mkunjo wa bampa, na hushuka chini zaidi ya kutokeza mbele. Mjini hapa vyote viwili huitwa lipu, na wauzaji nao huandika splita kwenye chochote cheusi kilicho kirefu. Nitatumia splita kwa vyote viwili, ila pale tofauti inapohusika.

Gari litashika barabara vizuri zaidi?

Kwa mwendo wetu, kidogo mno. Chukua splita inayotokeza sentimita 5 kwenye gari la upana wa sentimita 160. Hapo kuna mita mraba 0.08 tu za kukandamizwa. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, hewa iliyosongamana juu yake, hata ikifanya kazi yake yote, inaleta kama kilo 3, yaani pakiti moja na nusu ya unga. Shuka hadi kilomita 50, ambacho ndicho kikomo cha mjini, na nguvu hiyo haibaki nusu, inabaki robo, kwa sababu inafuata mraba wa mwendo. Haifiki hata kilo moja. Abiria akiweka mkoba wake mbele umeshinda splita.

Hesabu hiyo nimeifanya kwa hewa ya hapa. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hadi 20. Splita ileile ingefanya kazi zaidi Nyali kuliko Milimani.

Nguvu ya kweli hutoka upande wa chini, pale ubao unaporudi nyuma mpaka chini ya injini, ukiwa tambarare, karibu kabisa na ardhi, na umeshikiliwa na vyuma vya gari lenyewe. Hiyo ni splita ya uwanja wa mbio. Barabara ya Njoro si uwanja wa mbio, ingawa kuna vijana wa Probox ambao hawajaambiwa.

Basi kwa nini watu wanafunga?

Kwa sura, na si aibu. Impreza yenye splita iliyokaa sawa inapendeza, basi. Ila kuna sababu ya pili ambayo mimi naipa uzito zaidi: ukingo wa chini wa bampa ndio unaokula mawe, matuta na kingo za saruji. Splita ikiwa mbele yake, inakula hayo badala yake.

Kila jibu linalofuata limejengwa juu ya jambo hilo. Splita ya Nakuru itagonga tu. Kwa hiyo kabla sijatoboa tundu najiuliza: siku ikigonga, kitavunjika nini kwanza? Nataka iwe splita au bolti zake, na bampa ibaki mahali pake.

Nitajuaje inayotoshea gari langu?

Usinunue kwa jina la gari. Nunua kwa namba ya muundo iliyoandikwa kwenye kibati cha gari. Demio ya DE na Demio ya DJ hazifanani hata kidogo mbele. Mark X ya GRX130 ilitoka mwaka 2009, ikabadilishwa uso 2012, ikabadilishwa tena 2016, na splita ya moja haikai kwenye nyingine.

Halafu kumbuka karibu magari yetu yote yametumika Japani kabla ya kufika hapa, na mengine yamebadilishwa bampa njiani. Piga picha ya bampa yako kutoka chini, ulinganishe na ya muuzaji. Zile zinazouzwa kama za kutoshea magari yote ni vipande vitatu vinavyopishana katikati. Zinafunika kasoro, lakini kila maungio ni mahali pa kulegea.

## Kabla ya kununua

Barabara zangu zitaniruhusu?

Hili ndilo swali la kwanza, na watu huliuliza la mwisho.

Pima kwanza. Jaza upepo sawasawa kwenye matairi, weka watu unaowabeba kila siku ndani, kisha pima kutoka ardhini hadi ukingo wa bampa. Pima pia kutoka pale tairi la mbele linapogusa ardhi hadi kwenye ncha ya bampa. Mfano: kimo ni sentimita 15 na umbali ni 70. Pembe ya kupandia tuta ni karibu digrii 12. Funga splita inayoshusha kimo hadi 10 na kutokeza 5 zaidi, pembe inaanguka chini ya digrii 8. Umepoteza zaidi ya theluthi moja kwa sentimita 5 tu.

Kisha fanya jaribio la boksi. Kata karatasi ngumu ya boksi kwa umbo la splita unayoitaka, ibandike chini ya bampa kwa tepu ya karatasi kwa kimo kilekile, uendeshe wiki nzima njia zako za kawaida: lango la nyumbani, mteremko wa maegesho ya supamaketi, kituo cha mafuta, matuta ya mtaani ambayo kila mwenye jembe na kifusi hujiwekea kimo anachotaka. Kila jioni angalia imekwaruzwa wapi. Mtu mmoja wa Kiamunyi alirudi na boksi lake siku ya pili likiwa limebaki upande mmoja. Akaokoa pesa zake.

Ikiwa karatasi inakwaruza kidogo ncha tu, punguza kutokeza. Ikiwa imefyekwa yote, tafuta mapambo mengine. Kaunti hiihii ndiyo inayopokea Safari Rally kule Naivasha, na ukiyatazama yale magari kwa chini utakuta yamenyanyuliwa na kuvikwa ngao nene. Wenye magari hayo wanaijua ardhi yetu.

Nichague plastiki, faiba au mbao?

Kwa gari la kila siku, plastiki inayopinda: polipropileni au poliyurethani. Ikigonga inajikunja, inakwaruzika, inarudi. Plastiki ya ABS ni ngumu kidogo zaidi na hupakika rangi vizuri, lakini pigo kali huipasua. Faiba hupasuka vipandevipande vyenye ncha, ingawa fundi wa bodi anaweza kuiziba. Kaboni sitaki hata kuizungumzia hapa, maana pesa ya kaboni ikikwaruza tuta la Free Area unaisikia tumboni.

Wapo wanaokata yao wenyewe. Plaiwudi ya milimita 12 inafanya kazi ukiipaka vanishi pande zote, hasa kingo, kwa sababu maji huingilia hapo na kuivimbisha. Karatasi za alumini zenye plastiki katikati, zile za mabango ya maduka, hukatika kwa jigso na ni nyepesi, ila ukingo wake ni kama kisu. Ukitumia hizo, zungushia raba. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayohusu vitu vinavyotokeza nje ya gari hudai kingo zenye mviringo usiopungua milimita 2.5, na hata kama hakuna atakayekupima hapa, mguu wa mtoto anayevuka barabara hauna habari na kanuni.

## Siku ya kufunga

Nahitaji vifaa gani?

Drili na biti za milimita 3 na 6.5, spana, bisibisi, futi, chaki, tepu ya karatasi, msasa, spiriti ya kusafishia, bolti za M6 zenye washa pana na nati zenye mpira wa nailoni, na mtu wa kukushikia upande wa pili. Huyo wa mwisho usimdharau. Splita ya mita moja na nusu ukiibeba peke yako itakaa mshazari, na utaigundua siku ukiwa mbali nayo ukiitazama kutoka kibandani.

Na stendi mbili za kuegemezea gari. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kwa kuokota nati.

Utaratibu wake ni upi?

Osha ukingo wa bampa, kisha uoshe tena, kwa sababu vumbi la Nakuru ni laini kama poda na hujificha kwenye kona. Tia alama ya katikati ya bampa na katikati ya splita. Inua splita, ishikilie kwa tepu ya karatasi, rudi nyuma hatua kumi uitazame. Pima kutoka ardhini pande zote mbili ukiwa umeegesha mahali pa sawa. Ua wangu una mteremko, na ulinidanganya mara ya kwanza.

Ikikaa, tazama nyuma ya kila mahali unapotaka kutoboa. Kuna rejeta, kuna kondensa ya hewa baridi, kuna nyaya za taa za ukungu, kuna tangi la maji ya kioo. Usitoboe boriti ya chuma iliyo nyuma ya bampa wala karibu na vihisi vya mifuko ya hewa. Toboa ukingo wa plastiki wa bampa na kava ya chini ya injini tu.

Anza na biti ya milimita 3, tundu la katikati kwanza. Funga hilo bila kukaza, kisha nenda kushoto na kulia kwa zamu, ukiacha sentimita 15 hadi 20 kati ya tundu na tundu. Kaza mwishoni, kwa mkono na spana fupi. Plastiki ikianza kubonyea chini ya washa umepitiliza.

Kwa nini matundu yangu yalipasuka baada ya wiki mbili?

Jua. Splita ya ABS ya mita 1.6 hubadilika urefu kwa milimita 3 hadi 4 kati ya asubuhi ya baridi na mchana ikiwa imeiva juani, tofauti ya digrii 30 tu. Ukiwa umeikaza kwenye matundu ya duara kutoka ncha hadi ncha, haina pa kwenda, inajipasua. Tundu la katikati liwe duara. Mengine yote kwenye splita yawe marefu kidogo kuelekea pembeni, ili plastiki iweze kuteleza chini ya washa.

Naweza kutumia tepu ya pande mbili bila bolti?

Kwa lipu nyembamba na nyepesi, ndiyo, ukiwa na tepu ya kweli ya akriliki na si ile ya kubandikia kalenda. Safisha kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha ikauke, bandika, kandamiza kwa nguvu kila sentimita. Gundi hiyo haifikii nguvu yake yote papo hapo: mahali penye joto la kawaida inahitaji saa 72. Kwa hiyo usibandike Jumamosi jioni ukalipeleka gari Jumapili asubuhi likapigwe maji ya presha. Asubuhi ya Julai ni baridi mno kwa gundi hii. Subiri hadi saa sita mchana.

Tatizo ni polipropileni, ambayo ndiyo plastiki ya bampa nyingi. Pasipo rangi, tepu haiishiki vizuri mpaka upake kwanza dawa maalumu ya kuandalia. Kwa splita yoyote bapa, tepu iwe msaidizi wa bolti.

Bolti za chuma au za nailoni?

Hapa ndipo ninapobishana na watu, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Splita yangu ya kwanza niliifunga kwa chuma kitupu. Bolti kumi, washa, nati, na vibano viwili hadi kwenye chuma cha kushikilia rejeta. Ungeweza kuisimamia. Nikaenda mjini, nikaegesha pua ikiwa juu ya ukingo wa saruji wa maegesho, nikanunua mkate, nikapiga rivasi. Splita ilinasa kwenye ukingo. Kwa kuwa haikuweza kuvunjika, iling'oa bampa nzima, klipu zote za upande wa kushoto, na nyaya za taa ya ukungu zikakatika. Watu wa boda boda walinisaidia kuibeba hadi kwenye buti. Mkate nilikula nyumbani, baridi.

Bolti ya nailoni ya M6 ina nguvu kama sehemu moja ya kumi ya ile ya chuma. Inaonekana dhaifu mpaka ukumbuke ile hesabu ya kilo 3: bolti nane za nailoni zinabeba mzigo huo bila kuhisi. Lakini splita ikinasa, zinakatika moja baada ya nyingine na bampa inabaki. Pakiti ya bolti mpya ni bei ya chakula cha mchana.

Kuna hatari moja, na lazima uizibe: splita iliyokatika isiruke ikampata wa nyuma, wala isiingie chini ya tairi. Mimi nafunga waya mbili za breki ya baiskeli, moja kila upande, kutoka kwenye splita hadi kwenye boriti iliyo nyuma ya bampa, kwa kuizungushia boriti bila kuitoboa. Ziwe fupi, zilegee sentimita mbili tatu tu. Splita ikiachia inaning'inia na kupiga kelele, nawe unasimama. Fundi yeyote wa baiskeli atakukatia waya na kukuuzia vibano vyake.

## Kuishi nayo

Nipite vipi kwenye matuta?

Polepole, na breki uachie kabla ya kufika. Ukipanda tuta ukiwa umekanyaga breki, pua ya gari imeinama na umejinyima sentimita kadhaa. Kupita mshazari kunasaidia kwenye lango la nyumbani. Barabarani usijikunje mbele ya matatu kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Kuegesha, ingia kwa nyuma. Kwa nini, tazama habari za mkate hapo juu.

Tairi likipasuka, jeki itaingia?

Jeki ya gari huwekwa ubavuni, kwa hiyo kwa kawaida ndiyo. Ila tairi likiwa limekwisha upepo kabisa, splita inaweza kulala chini. Beba vipande viwili vya mbao za inchi mbili uvipandie kwanza. Jeki ya magurudumu inayoingia kwa mbele, ile ya gereji, ndiyo itakayokosa njia. Mwambie fundi kabla hajaisukuma. Hakikisha pia tundu la ndoano ya kuvutia gari halijafunikwa.

Mvua ikinyesha je?

Maji yaliyosimama ndiyo adui kuliko tuta. Ni mazito kuliko hewa mara mia nane na zaidi, na ukiingia dimbwi kwa kasi splita inaikunja kava ya chini ya injini kuelekea nyuma. Kuanzia Machi hadi Mei ninapunguza mwendo kwenye kila dimbwi nisilolijua kina chake, na baada ya kila mvua kubwa nakagua bolti.

Injini itapata joto?

Splita yenyewe haizibi rejeta. Linaloleta joto ni kuondoa kava ya chini ili kupata nafasi ya kutoboa, halafu usiirudishe. Kava hiyo huielekeza hewa. Ukitaka kuhakikisha, tazama mshale wa joto ukiwa unapanda kuelekea Timboroa, gari likiwa limejaa watu.

## Polisi na bima

Nitasimamishwa?

Vitu vitatu humvuta polisi: namba ya mbele iliyofichwa au kusogezwa pembeni, ncha kali zinazotokeza, na kitu kinachoning'inia. Ukiwa huna hata kimoja kati ya hivyo, kwa kawaida mazungumzo yatahusu leseni yako. Usitoe namba ya mbele ili splita ionekane vizuri.

Nimwambie mwenye bima?

Ndiyo, kwa maandishi, na uhifadhi jibu. Mkataba wa bima unasimama juu ya kusema kweli kuhusu gari lako, na siku ya fidia si siku nzuri ya kuanza kueleza kile kilichoko mbele kwenye picha.

## Maswali ya pembeni

Gari langu limeshushwa springi. Naweza kuongeza splita?

Fanya jaribio la boksi kwanza. Karibu wote walioniuliza hili wamerudi bila splita au wamerudisha springi.

Lina vihisi vya kuegeshea mbele, au rada nyuma ya nembo?

Splita inayokaa chini ya bampa mara nyingi haivigusi, lakini inayopanda juu usoni huvifunika. Baada ya kufunga, egesha mbele ya ukuta mtupu usikilize kama vinalia bila sababu. Rada ikionyesha taa ya hitilafu kwenye dashibodi, toa splita kwanza kabla ya kumlipa mtu wa kompyuta.

Niko Kisumu. Kuna tofauti?

Joto lenu linasaidia gundi kushika, na mko chini yetu kwa mita mia saba hivi, kwa hiyo mna hewa nzito kidogo. Jihadharini na matundu marefu niliyoyasema hapo juu: ukifunga mchana wa jua Kondele, plastiki ikiwa imetanuka yote, kisha ukaamka nayo kwenye baridi ya Timboroa, itavutana kuelekea ndani. Funga asubuhi au jioni, na bolti ikae katikati ya tundu refu, isibane upande mmoja.

Nikitaka kwenda kwenye siku ya mbio?

Hapo splita ya bolti za nailoni na waya wa baiskeli haitakiwi. Inahitaji kushikwa na chuma cha gari, vijiti vya kuizuia isiiname, na bawa la nyuma la kuisawazisha, kwa sababu ukiongeza mshiko mbele peke yake kwenye kona ya kasi, nyuma itatangulia. Hiyo sifungi uani Lanet.